Nilifuta Majina ya Wanawake Mia Nne, Lawama Akabeba Mzee Onzima

Mama Santa, nakuamkia kutoka Koboko. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunigombeza, maana najua utanigombeza, na mimi mwenyewe nimejigombeza wiki tatu mfululizo bila kupata nafuu yoyote.

Jina langu ni Jalia, nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina watoto wawili, na ninafundisha kompyuta katika kituo kimoja cha wanawake hapa mjini, mahali ambapo kina mama na wasichana wanajifunza kushona, kuoka mikate na kuandika kwa kompyuta. Kompyuta zetu ni tisa, zote za kupewa, zote za zamani, na ukiwasha moja asubuhi unaweza kwenda kununua chapati, ukarudi, ukala, ukanawa mikono, na bado kale kaduara kanazunguka tu. Wanafunzi ishirini na sita walikuwa wanagombania mashine mbili zenye nafuu kidogo, na zile nyingine zilifunikwa kitambaa kama maiti, na Haji Swadiki wa kamati ya kituo alishasema mkutanoni kwamba zote zitupwe ili chumba kiwe stoo ya vyerehani.

Mwezi wa pili nikapata nafasi ya kwenda mafunzo ya siku tano huko Mvara, Arua. Mwalimu wetu, Bwana Ocama, alileta kompyuta kuukuu kuliko zetu, akachomeka flashi yenye Linux, ile programu ya bure ya kuendeshea kompyuta, ya aina nyepesi iitwayo Lubuntu, akaiwasha, na kabla sijamaliza kutafuta kalamu kwenye mkoba kioo kilikuwa tayari kimewaka na kila kitu kinafunguka. Akatuambia, "Kompyuta zenu hazijafa, mmezibebesha tu mzigo wa punda na zenyewe ni mbuzi." Tena akasema jambo moja nililoliandika kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili, kwamba hii kitu unaijaribu kwanza kutoka kwenye flashi, ukiichomoa kompyuta inabaki kama ulivyoikuta, na siku ukiamua kuiweka ndani kabisa, nakili kwanza vitu vya watu vilivyomo. Mama Santa, niliandika kwa mkono wangu. Daftari ninalo hadi leo.

Nikarudi Koboko na moto. Nilimwomba ruhusa mkuu wetu, Mama Hawah, naye akaniambia, "Jalia, kama wewe unajua, fanya. Lakini usiharibu kitu ya watu." Nikaanza na moja, nikaijaribu kwa flashi siku mbili nzima, nikaangalia kama kipanya kinafanya kazi, kama printa inakubali, kama herufi zinaandikika, na iliponiridhisha nikaiweka ndani. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa hajawahi kupata kiti chake mwenyewe alipiga kelele mpaka washonaji wakatoka nje, "Mwalimu! Iko nawaka! Iko nawaka!" Nikafanya ya pili, ya tatu, mpaka ya nane, na kila moja niliijaribu, nikanakili vilivyomo, ndipo nikaiweka, sikukosea hata mara moja, na nadhani hapo ndipo kiburi kilipoingia.

Ya tisa ilikuwa kwenye kona ya ofisi. Ilikuwa ya Mzee Onzima, karani wetu wa miaka kumi na miwili, aliyestaafu mwishoni mwa mwaka jana akarudi kwao Lurujo kulima mihogo. Ilikuwa Ijumaa, nataka kuwahi sala, nikasema hii nayo niimalize leo. Sikujaribu kwa flashi. Nilifungua lile folda ambalo watu huweka nyaraka zao, nikakuta tupu, nikasema mzee alishahamisha vyake. Nikachagua kufuta diski yote. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika, nikakubali, ikaniuliza tena, nikakubali tena, nikaenda zangu msikitini nikiwa na furaha kabisa.

Siku kumi baadaye akaja Sandra, dada mmoja wa Ajia aliyesoma kushona hapa miaka sita iliyopita. Nyumba yao iliungua na cheti chake kikaungua ndani, na sasa shule moja ya ufundi huko Arua inataka kumwajiri afundishe kushona, ila lazima apeleke uthibitisho kabla ya mwisho wa mwezi unaokuja. Mama Hawah akasema hakuna shida, kile kitabu cha majina kililiwa na mchwa lakini Onzima aliandika wote kwenye kompyuta yake. "Jalia, fungua mashine ya Onzima, toa jina ya huyu mtoto."

Mama Santa, niliiwasha mashine ile. Nilikaa mbele ya kioo nikijifanya natafuta, na nilijua tayari.

Kamati ikaitwa. Haji Swadiki akasema, "Mutu alikaa hapa miaka kumi na mbili iko nagonga mashine tu, kumbe hakuna kitu alikuwa naandika!" Wakampigia Mzee Onzima simu, wakaweka sauti ya wote kusikia. Mzee akasema, "Mimi niliandika. Mia nne na kumi na saba, mutu moja moja. Angalia vizuri, iko kwa D." Haji Swadiki akacheka, akauliza D ni nini, na Mama Hawah akasema, "Haya, asante Mzee," akakata simu huku anatikisa kichwa. Mimi nilijua D ni nini. Ni ile sehemu ya pili ya diski ambayo sikuifungua. Na mimi ndiye nilikuwa naandika kumbukumbu za mkutano, Mama Santa, na niliandika kwa kalamu yangu: "Bwana Onzima hakuacha orodha yoyote."

Nilinyamaza kwa sababu nikisema ukweli Haji Swadiki atasema ni hii Linux imeharibu kituo, kompyuta zote tisa zitatolewa, na wanafunzi ishirini na sita ambao sasa kila watatu wana mashine yao watarudi kusimama mlangoni. Na sitakudanganya, naogopa pia kufukuzwa. Nimewaza nitafute majina kimyakimya, niwazungukie wanawake mmoja mmoja, kisha niseme nimeyapata mahali. Nimewaza ningoje mtihani wa wanafunzi wangu upite. Lakini jambo moja nimeshaliamua, sitaziacha hizi kompyuta zitupwe, na sitamwacha mzee huyu afe na jina bovu. Ninachotaka ni njia ya kupata yote mawili. Nionyeshe pa kuanzia.

Jalia, Koboko.

*Mama Santa anajibu:*

Jalia, barua yako haikungoja zamu. Ilinifikia Jumanne asubuhi, chai ikiwa mkononi, nikakupigia palepale, na unakumbuka neno langu la kwanza kwenye simu halikuwa salamu. Lilikuwa, "Zima hiyo kompyuta." Ukaniuliza ipi, nikakwambia unajua ipi, na usiiwashe hata kuangalia saa.

Wasomaji wengine wajue kwa nini. Mimi kompyuta naijua ya kuandikia tu, lakini dada anayepanga kurasa za gazeti letu nilimsomea aya yako moja akaruka kwenye kiti. Aliniambia kwamba kitu kilichofutwa kwenye diski mara nyingi bado kimo, ila kimepoteza mlango wake, na kinapotea kabisa pale kitu kingine kinapoandikwa juu yake. Kila barua mliyochapa kwenye mashine ile wiki hizi tatu ilikuwa inaweza kukalia majina ya wanawake wale. Umekaa na siri wiki tatu, binti yangu, na kumbe siri yenyewe ilikuwa inakula ushahidi. Ungesema siku ya kwanza, ungeokoa mengi zaidi.

Sasa nikugombeze, ulishaniruhusu.

Kosa la Ijumaa nalielewa. Ulifanya nane vizuri, ukachoka, ukajiona fundi, ukaruka hatua. Mafundi wote wamewahi kuruka hatua, ndiyo maana wanazipigia mistari kwenye madaftari. Kosa hilo lingetosha kwa machozi ya siku moja. Lakini kwenye mkutano hukubonyeza kwa haraka. Ulikuwa umekaa, una kalamu, una muda, unasikia mtu mzima anajitetea kwenye simu mbele ya watu asiowaona, na wewe peke yako katika chumba kile ulijua anasema kweli hadi herufi. Ukaandika kinyume. Hilo usilitie kwenye kapu moja na lile la kompyuta.

Na usinitajie wanafunzi ishirini na sita. Nawapenda, na naona nawe unawapenda, lakini hao si sababu, hao ni ngao. Unawaweka mbele ili Haji Swadiki akirusha jiwe liwapate wao kwanza.

Mpango wako wa kuzunguka kimyakimya na kusema "nimeyapata mahali" uutupe leo. Mahali wapi? Utaongeza uongo wa pili ili wa kwanza usione baridi. Wala usiseme utangoja majina yapatikane ndipo ukiri. Anayekiri akiwa ameshikilia zawadi mkononi anataka kupigiwa makofi.

Kesho asubuhi, kabla darasa halijaanza, nenda kwa Mama Hawah. Usimwandikie ujumbe wa simu. Simama mbele yake useme ulichofuta, siku uliyofuta, na ulichoandika kwenye kumbukumbu za mkutano. Usianze na Lubuntu, usianze na "unajua Mama". Ukimaliza, nyamaza, umwache akasirike mpaka amalize. Akikufukuza, umefukuzwa ukiwa mkweli. Mimi sidhani atakufukuza.

Mchana huohuo mpigie Bwana Ocama. Umemwonea haya mtu pekee anayejua dawa. Mwambie ulifuta diski yote, kwamba vitu vilikuwa sehemu ya pili, na kwamba mashine imezimwa. Atakwambia namna ya kuitoa diski na kuipeleka Arua bila kuiumiza.

Kisha panda boda uende Lurujo. Mzee Onzima alivunjiwa heshima kwa simu, usimwombe radhi kwa simu. Na mkutano uitwe tena, yeye akiwepo, ile sentensi yako isomwe kwa sauti na ifutwe mbele ya wote, kwa sababu uchafu uliomwagwa hadharani haufagiliwi chumbani.

Huyo Sandra naye asikae anangoja diski. Mwalimu aliyemfundisha kushona yuko hai, Mama Hawah ana muhuri, na kuna watu waliosoma naye. Andikeni barua.

Kuhusu Linux, endelea. Umefanya kazi nzuri juu ya mashine nane na mtu asikunyang'anye hilo. Ila mkutanoni usiitetee kwa maneno. Acha kompyuta ziwe zimewashwa, wanafunzi wakiandika, watu wa kamati wapite mlangoni waone.

Nenda, Jalia. Na uniandikie, mema au mabaya.

*Wiki tano baadaye Jalia aliandika tena:*

Mama Santa, nilienda asubuhi ile kama ulivyosema. Mama Hawah alinisikiliza bila kunikatiza, akavua miwani, akaniambia, "Toka nje kidogo." Nilisimama kwenye veranda karibu nusu saa nikisikia vyerehani. Aliponiita macho yake yalikuwa mekundu. Hakuniambia neno juu ya kompyuta. Alisema, "Nilimwambia Onzima 'asante' kama mutu iko nafukuza kuku. Twende Lurujo pamoja."

Tulimkuta Mzee Onzima anamenya mihogo na mkewe. Nilipiga magoti nikasema yote. Aliendelea kumenya mpaka nikadhani hakusikia, kisha akauliza, "Kwa hiyo D ilikuwepo?" Nikasema ilikuwepo, Mzee. Akamgeukia mkewe, akamwambia, "Umesikia? Ilikuwepo." Ndipo nikajua kwamba hata nyumbani kwake walikuwa wameanza kumtilia shaka, na hapo nililia, Mama Santa, na hakuna aliyenibembeleza.

Bwana Ocama alikuwa mkali kuliko wewe. Aliitaka diski siku ileile, nikaifunga kwa leso nikaipeleka Mvara nikiwa nimeipakata kama mtoto. Aliiunganisha na kompyuta yake mwenyewe, kwa namna ya kusoma tu bila kuandika chochote juu yake, akaanza kuvua vilivyofutwa. Ilichukua siku mbili. Vitu vilirudi bila majina, ni namba tu, mafaili mamia, na ilibidi nifungue moja moja kuona hii ni barua ya kuomba viti au ni orodha. Ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya mwaka ambao kituo kilifunguliwa, wanawake kumi na tisa, na kila jina lina kijiji chake. Niliisoma kwa sauti peke yangu mle ndani.

Tulipata majina mia tatu thelathini na nane. Sabini na tisa hayakurudi, na mwaka wa Sandra ulikuwa ndani ya hayo. Ocama hakunifariji. Aliniambia, "Hayo yamekaliwa na barua mlizochapa baadaye."

Kwenye mkutano Mzee Onzima alikuja kwa boda kutoka Lurujo amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nilisoma sentensi yangu kwa sauti, nikaikata kwa kalamu, nikaandika ya kweli chini yake na kutia sahihi. Haji Swadiki akasimama palepale akasema hii mambo ya bure iko na hasara, mashine zote zitoke. Kabla Mama Hawah hajajibu, Mzee Onzima akaniuliza, "Wewe, mwalimu. Mashine ilifuta, ama mutu alifuta?"

"Mtu, Mzee," nikasema. "Ni mimi."

Akamgeukia Haji Swadiki. "Basi mashine iko na dhambi gani?"

Haji alikaa chini. Baadaye nilimwona amesimama mlangoni kwa darasa, mikono nyuma, anamwangalia mama mmoja anayechapa barua.

Kompyuta zimebaki zote tisa. Mimi nimebaki pia, lakini kamati imeamua mwaka huu wote nisiweke wala kufuta chochote kwenye mashine yoyote nikiwa peke yangu, na kila orodha inakaa nakala mbili, moja kwa kabati la Mama Hawah. Nimekubali, ni haki.

Sandra alipata barua yake kabla ya siku ya mwisho. Mzee Onzima ndiye alimthibitisha. Mama Hawah alipomuuliza kama anamkumbuka, alijibu bila kufikiri, "Sandra ya Ajia? Huyo alikuwa nashona na mkono ya kushoto, kila siku nagombana na mkasi." Sandra alicheka mpaka akajifuta machozi.

Sasa Mzee anakuja kila Jumatano. Anakaa kwenye mashine yake ya zamani, ambayo sasa inaendeshwa na Lubuntu, anakumbuka na mimi nachapa, na wasiokumbukwa tunawatafuta kwa matangazo kanisani na msikitini. Yamebaki majina ishirini na mawili. Lakini siku ya mkutano nilipotaka kumshika mkono, alisema, "Mimi bado iko na uchungu. Usinishike leo. Lakini majina tuandike." Na mpaka leo tunafanya kazi bega kwa bega, ananiambia herufi kwa herufi, na hajawahi kunisalimia kwanza. Je, nimwombe radhi tena?

*Mama Santa:*

Hapana. Mtu mzima amesikia mara ya kwanza, na ukirudia utakuwa unamdai msamaha.

Msalimie wewe kila Jumatano, upige magoti vizuri, asipoitika uwashe mashine muendelee. Malizeni hayo ishirini na mawili. Kisha uichape orodha nzima, mia nne na kumi na saba, kwa karatasi nzuri, na juu yake uandike kwamba majina haya yalikusanywa na Bwana Onzima wa Lurujo. Jina lako usiliweke. Umpelekee nyumbani, umkabidhi mbele ya mkewe, kisha uage uondoke, umwache aisome bila wewe kusimama pembeni unamtazama uso.